Maji Safi ya Bwana Miwani

Kibwana alikuwa na jambo moja la kujivunia hapa Morogoro, wala hakuchoka kulisema: mgongo safi. Miaka kumi na mmoja kawapikia na kuwafulia Wajerumani, tangu reli haijafika, na hajaonja kiboko hata kimoja. Wenzake walikwisha kulazwa kifudifudi, hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, zikahesabiwa juu yao, wakainuka wanatetemeka. Yeye hapana. Hebu basi mfikirie mtu huyo, na mgongo wake huo, anaachiwa samaki.

Bwana wake alikuwa na shamba la mpira upande wa Mzinga, na watu walimwita Bwana Miwani. Sebuleni kwake kulikuwa na sanduku la kioo lenye mchanga, majani ya maji, na samaki sita wadogo wa mtoni wenye mstari mweusi ubavuni. Kulisafisha alikuwa hamwachii mtu. Kila Jumamosi alijifungia na ndoo zake, nadhani hakutaka aonekane, Mzungu mzima, amekunja mikono ya shati anachota mavi ya samaki. Ijumaa moja akaitwa Dar es Salaam. Alikuwa ameshashika mlango, garimoshi linampigia kelele stesheni, ndipo akakumbuka.

"Kibwana! Kesho samaki, maji safi. Nikirudi Jumatano nataka sita. Mmoja akifa, hamsa ishirini."

"Maji safi ya namna gani, Bwana?"

"Safi ni safi! Wewe usiulizeulize, fanya!"

Sasa, katika nyumba ile maji safi yalikuwa ya aina moja tu: yaliyochemshwa yakatokota, yakachujwa kwa kitambaa, yakapozwa, yakatiwa chupani na kufungwa. Maji ya mtoni Bwana aliyaita machafu, hata yakishuka kutoka Uluguru meupe pe. Basi Jumamosi Kibwana akachemsha masufuria manne. Akawatia samaki bakulini, akamwaga maji yote ya zamani, majani akayatupa, mchanga akausugua kwa majivu, kioo akakikwangua mpaka akajiona meno. Akajaza maji safi yaliyopoa vizuri, akawarudisha samaki, akasimama kando kifua mbele.

Haikufika adhuhuri. Samaki wote sita walikuwa wamepanda juu, vinywa vinafumba na kufumbua. Kibwana akadhani njaa, akawapa mkate. Hawakuugusa. Akawaongeza. Mkate ukavimba, ukazama, maji yakaingia ukungu, na vinywa vikazidi kwenda mbio. Hapo roho ikamruka. Akatoka uani, akarudi. Akaenda jikoni, akarudi. Akakaa kwenye kiti cha Bwana bila kujijua, akashtuka akainuka. Jumapili asubuhi akawakuta wawili matumbo juu. Na unajua alifanya nini, masikini? Alisema maji yamechafuka. Akachemsha mengine!

Jumatatu, maji yalipomfika shingoni yeye mwenyewe, akamwita mkewe, Mwaisha, Mluguru wa milimani aliyekua anachezea vijito. Mwaisha akawatazama samaki, akachovya kidole, akaonja, akatema.

"Baba Shamsia, maji haya umeyapika?"

"Nimeyasafisha."

"Umeyapika! Maji yaliyopikwa hayana pumzi. Hata wewe ukiyanywa huyasikii yamelala mdomoni? Lo! Mwanamume mzima unawaziba samaki pua!"

"Bwana alisema safi, Mama Shamsia. Safi!" Sauti ilimkatika, machozi yakamlenga, wala hakuona haya.

Mwaisha akabeba mtungi, akarudi na maji ya kijito na majani ya maji yenye mizizi. Hakumwaga yote. Alipunguza kiasi, akaongeza kiasi, akautoa mkate uliooza. Kisha akamfundisha mumewe kuchota kwa kibuyu na kuyamimina kutoka juu, achote tena, amimine tena, kama mtu anayepoza uji. Kibwana alimimina mpaka mkono ukafa ganzi. Alasiri samaki wakashuka chini, wakaanza kudokoa majani. Akacheka peke yake, halafu akawahesabu. Wanne. Jumanne akashinda mtoni na tenga kutafuta wawili wenye mstari mweusi. Alipata viluwiluwi, na kaa mmoja aliyemng'ata kidole.

Jumatano Bwana Miwani aliingia, hakuvua hata kofia. Akainama kiooni, akahesabu, kisha akamwita nyapara wake. Nyapara akaja na kiboko.

"Ruhusa, Bwana," Kibwana akasema. Akachukua chupa ya maji ya kunywa ya Bwana, akajaza jagi la kioo, akamtia samaki mmoja ndani. Wakatazama wote watatu. Haikuchukua muda, samaki akapanda juu, anatweta, mdomo wazi.

"Haya ndiyo maji safi ya nyumba hii, Bwana."

Uso wa Bwana ukawiva. "Mtoe! Mtoe upesi!"

Kibwana akamrudisha kwa wenzake, naye akatulia. Bwana akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kibwana akajisemea moyoni, nimepona, mgongo wangu umepona.

"Umesema kweli," Bwana akasema. "Basi si hamsa ishirini. Kumi na tano."

"Za nini, Bwana?"

"Kwa sababu hukuuliza."

Zilihesabiwa palepale uani. Mimi sikuhesabii.

Alhamisi asubuhi Kibwana alisimama mezani, shati limegandia mgongoni, kila mkunjo unamwakia moto.

"Bwana, chai niilete ya moto?"

"Ndiyo."

"Ya moto wa kuni, Bwana, au wa makaa?"

"Lete chai!"

"Kwenye kikombe safi?"

"Ndiyo, safi!"

"Safi ya mtoni, Bwana, au safi ya kuchemsha?"

Bwana akafungua mdomo amwite nyapara. Jina halikutoka. Akamtazama Kibwana, akaufumba mdomo, akaufumbua, akaufumba tena, na mle sandukuni nyuma yake samaki wanne walikuwa wametulia chini wanakula majani.

"Na buti, Bwana?" Kibwana akasema kwa adabu zote. "Mimi nauliza tu."