Chai kwa Maji ya Ziwa

Hamidah alivuta chai mdomoni kwa kelele, akaizungusha mashavuni, kisha akaitema kwenye ndoo iliyokuwa miguuni pake. Wanawake waliokuwa wakishuka kwenda soko la Mpondwe walipunguza mwendo wamtazame. Mtu mzima, mke wa watu, mwenye duka, anatema chai barazani kwake asubuhi kweupe. Hamidah hakuwajali. Alisukutua kinywa, akavuta bakuli la pili.

Bwera nzima ilijua kwamba sukari waweza kununua popote, lakini majani ya chai unakwenda kwa Hamidah. Aliyauza yakiwa wazi, kutoka kwenye makopo makubwa, akiyapima kwa kikombe na kuyafunga kwenye karatasi, na hukuondoka kabla hajakuambia yanataka moto wa namna gani. Watu wa hapa huchemsha majani pamoja na maziwa na tangawizi mpaka sufuria ifure, na chai ya namna hiyo husitiri mengi. Yeye aliyaonja bila maziwa, bila sukari na bila huruma.

Safari hii alikuwa na sababu ya kuonja kwa makini zaidi. Hoteli moja ya watalii karibu na Mweya ilitaka majani mazuri ya kuweka mezani, ikawaita wafanyabiashara walete kila mmoja ya kwake. Atakayeonja na kuchagua ni msimamizi wa vinywaji, na msimamizi huyo ni Sadia, binti yake Hamidah, aliyesomea upishi wa hoteli. Sadia alikuwa amempigia simu mara moja tu.

"Maama, lete kama wengine. Mabakuli hayatakuwa na majina. Na usinipigie mpaka siku ile."

"Nani amesema nitakupigia?"

"Nakujua."

Hamidah alikata simu akiwa amefurahi na amechomwa kidogo, vyote pamoja. Hakutaka upendeleo. Alichotaka ni binti yake aonje, asijue ni ya nani, aseme hii ndiyo. Jambo hilo hakulisema kwa mtu, hata kwa Siraj, mumewe.

Bakuli la kwanza lilikuwa na chembechembe za chai kutoka upande wa Bushenyi: kali, nyekundu, za kazi, kama chai ya kuamshia askari. Bakuli la pili lilikuwa na chai ya kijani iliyoletwa na mchuuzi mmoja akisema wazungu wanaipenda. Hamidah aliiona kama nyasi zilizochemshwa kwa bahati mbaya. Bakuli la tatu lilikuwa jingine kabisa. Majani yake yalikuwa marefu, membamba, yamesokotwa kwa mkono huko kwenye vilima vya Fort Portal. Yalipolowa yalijifungua taratibu, na maji yakawa na rangi ya asali. Harufu yake ilimkumbusha mibuni ya Bugoye inapochanua baada ya mvua ya kwanza. Alitema, akangoja, na utamu ukarudi wenyewe kutoka nyuma ya ulimi.

"Haya ndiyo," aliwaambia wanawake waliobaki wakichungulia, kana kwamba walikuwa wamemuuliza.

Ndipo Jeanine akafika na kifuko chake. Jeanine alikuwa ametoka pande za Butembo, ng'ambo ya mpaka, wakati wa vita, akapanga kibanda sokoni, akawa anauza vitenge, sabuni na chochote ambacho ndugu zake walifaulu kukivusha mpakani. Alimimina majani yake kwenye kiganja: meusi, mazito, mengine mapana, mengine yamevunjika, yenye harufu ya moto wa kuni.

"Mama Sadia, onja na hii. Iko ya kwetu, ya kule juu. Mama yangu alikuwa anaiuzisha ku ba—"

"Ngoja kwanza niionje, hadithi baadaye."

Hamidah alichota kijiko kilekile, akamwaga maji yaleyale, akafunika, akangoja. Chai ilipotoka ilikuwa nyeusi kama maji ya chuma. Alivuta mara moja, uso ukamkunjika, akatema upesi.

"Jeanine, mimi na wewe tunaambiana ukweli. Haya hata mbuzi angeyakataa."

Wanawake wakacheka. Mmoja akapiga kofi mapajani. Jeanine hakucheka. Alifunga kifuko chake vizuri, fundo juu ya fundo, na yale ya kiganjani akayaacha kwenye kisosi.

"Nimesikia," alisema. "Aksanti."

Tangu siku hiyo hakupita tena kwenye baraza la Hamidah, ingawa ndiyo njia yake ya kwenda kanisani. Alizunguka kwa nyuma, penye matope.

*

Siku ya kuonja, Siraj alimpeleka mkewe kwa pikapu. Yeye alikuwa msafirishaji wa mizigo na hakuwa na dini ya chai.

"Chai ni chai," alisema walipopinda njia ya Kikorongo. "Ikiwa na sukari."

"Ndiyo maana hukualikwa."

Hoteli ilikaa juu ya mteremko, na chini yake mlango wa maji unaounganisha maziwa mawili ulimeta kama bati jipya. Viboko walikuwa wamelala kwenye maji kama magunia yaliyosahauliwa. Meneja, bwana mmoja mrefu aitwaye Apollo, aliwakaribisha wafanyabiashara kwenye benchi, kila mmoja akakabidhi majani yake mlangoni. Sadia alitoka jikoni amevaa aproni nyeupe, amefunga kitambaa kichwani vizuri. Alimsalimu mama yake kama alivyowasalimu wengine, akiinama kidogo, wala hakukaa karibu naye.

Mabakuli yalipangwa mezani. Hamidah aliyatambua ya kwake papo hapo, kwa urefu wa majani. Lakini rangi haikuwa ile. Asali ilikuwa imegeuka kahawia iliyofifia, na juu yake umeelea utando mwembamba, kama wa maji yaliyolala kwenye pipa.

Sadia alivuta kwa kelele, kama alivyofundishwa na mama yake tangu akiwa mdogo wa kusimama juu ya kigoda. Akatema kwenye ndoo ya bati iliyokuwa kando yake, na ndoo ikalia. Bakuli la kwanza akasema ni kali lakini halina harufu. La pili akasema lina harufu ya sabuni, aliyelileta achunguze gunia lake. Mwanamume mmoja kwenye benchi akaangalia viatu vyake. Kisha akafika kwenye lile.

Alivuta. Akatema. Ndoo ikalia.

"Hii imelala," alisema. "Iko na rangi, lakini ndani hakuna kitu. Mgeni atadhani tumetumia majani ya jana."

Hamidah alikaa wima, mikono juu ya mkoba. Masikio yalimwaka. Alimkumbuka Sadia akiwa mtoto, alipomwambia mke wa imamu mbele ya wageni kwamba pilau lake limeungua. Wanawake walitaka mtoto achapwe, na yeye Hamidah akasimama akasema, mmemuuliza likoje, amewaambia lilivyo. Alijivunia jambo lile kwa miaka. Hakuwahi kufikiria mwenye pilau alibaki na nini moyoni.

Apollo alisema hakuna lililomridhisha bado. Wiki ijayo wataonja tena, mwenye jingine alete. Watu wakaanza kuinuka. Hamidah alimfuata binti yake mpaka mlango wa jikoni.

"Maama, sikujua ni—"

"Sijaja kwa hilo. Nipe maji."

"Ya chupa?"

"Yale unayochemshia."

Sadia alimpa glasi. Hamidah aliyashika kinywani kama alivyoshika chai. Yalikuwa masafi, lakini mazito, yenye chumvi kwa mbali na ladha ya msumari. Maji ya ziwa. Kule Bwera alikuwa ameonja kila kitu kwa maji ya bomba linaloshuka mlimani, mepesi, yasiyo na neno lake yenyewe. Alikuwa amechagua chai ya kwake kwa ajili ya meza yake, akaileta kwenye meza ya watu.

"Nijazie dumu," alisema.

Siraj alipomwona akija na dumu la maji, alizima injini kabisa ili acheke vizuri.

"Watu wanatoka huku na samaki. Wewe unatoka na maji."

"Funga mdomo, endesha pole. Lisimwagike."

*

Asubuhi iliyofuata mabakuli yalirudi barazani. Alichemsha maji ya dumu na kuanza upya. Majani marefu yakalala palepale, kama alivyosema Sadia. Chembechembe za Bushenyi zikawa chungu, zikakausha ulimi. Chai ya kijani hakuipa hata nafasi. Akatafutatafuta dukani, akachungulia makopo yote, na mwishowe macho yakaangukia kisosi alichokisukuma nyuma ya mizani. Majani ya Jeanine yalikuwa bado pale, na vumbi kidogo juu yake.

Aliyapuliza. Akayapima. Akamwaga maji, akafunika, akangoja, na wakati huo wote alitamani yawe mabaya. Ingekuwa rahisi zaidi.

Chai ilitoka nyekundu nzito, safi, bila utando. Ule ukali uliomkunja uso siku ile ulikuwa umepata kitu cha kushikana nacho. Maji yalikuwa na uzito, majani yakawa na uzito, na katikati yao pakabaki ladha ya mkate uliookwa kwenye moto wa kuni. Hamidah aliiangalia ndoo. Kisha akameza.

Angeweza kumtuma mtu. Angeweza kuagiza gunia kwa jina la mwingine, Jeanine asijue limekwenda wapi. Njia hizo alizipitia moja moja akiosha mabakuli, kwa utulivu wa mtu anayepiga hesabu za duka, na kila moja aliiona ni fupi na inapita. Lakini maneno yake ya mbuzi yalisemwa mbele ya watu. Alijaza chupa ya chai, akachukua vikombe viwili, akajitanda, akashuka sokoni wakati watu wamejaa.

Jeanine alikuwa anakunja vitenge. Alimwona, akaendelea kukunja.

"Mama Sadia. Mbuzi amebadilisha mawazo?"

Majirani wa vibanda wakageuka kutazama. Waliokuwepo barazani siku ile walikuwepo na hapa.

"Mbuzi ni mimi," Hamidah alisema, sauti ileile ya siku zote, isiyopanda wala kushuka. "Nilionja majani yako kwa maji yangu, nikasema vibaya. Leo nimeyaonja kwa maji ya Mweya. Ni mazuri kuliko yangu. Kunywa."

Jeanine alipokea kikombe kwa mikono miwili, pengine kwa mazoea tu. Alionja. Akaacha kukunja vitenge. Akaonja tena, macho yakamwenda mbali, juu ya mabati ya soko, upande wa magharibi.

"Hii maji umeitosha wapi?"

"Ziwani. Kwa hoteli anakofanya kazi Sadia."

"Iko sawa na ya Kyavinyonge, ng'ambo ya ziwa," Jeanine alisema polepole. "Siku ile nilitaka kukuambia. Mama yangu alikuwa anaiuzisha ku bavuvi ba Kyavinyonge. Anashuka nayo ku mugongo, bao banakunywa na maji ya ziwa. Hawakutaka ingine. Ni ziwa moja tu, hapa na kule."

"Sikukuacha umalize."

"Hapana. Haukuniacha."

Mwanamke wa kibanda jirani alinyoosha kikombe chake naye aonje. Hamidah akamwagia, kisha mwingine, mpaka chupa ikabaki tupu. Hakuna aliyecheka, lakini mmoja alilia kama mbuzi, kwa sauti ndogo, na Jeanine ndiye aliyeangua kicheko kwanza.

"Wiki ijayo Siraj anakwenda huko," Hamidah alisema. "Kiti cha mbele ni chako."

"Na weye?"

"Mimi nitakaa nyuma na magunia."

*

Siku ya pili ya kuonja, mwenye kukabidhi majani mlangoni alikuwa Jeanine, amevaa kitenge cha Jumapili na rozari shingoni. Hamidah alikaa mwisho wa benchi. Siraj alikuwa amekataa kabisa mkewe akae nyuma na magunia, wakabanana watatu mbele kutoka Bwera, na vumbi la njia ya Katwe likawapaka wote rangi moja.

Sadia alipita bakuli baada ya bakuli. Alivuta, akatema, ndoo ikalia. Akasema neno lake, akasonga. Alipofika kwenye lile jekundu zito, aliinua macho akamtafuta mama yake, jambo ambalo mara ya kwanza hakulifanya.

"Maama, haya majani ni yako?"

"Yana mwenyewe," Hamidah alisema. "Mwulize yeye."

Maneno mengine yalimjaa mdomoni: yanataka kufunikwa kidogo zaidi, yasichemshwe, maji yawe yamechemka sasa hivi. Aliyazuia. Aliona kwamba kumbe yanazuilika.

"Kule kwetu banaifunika vizuri," Jeanine alisema kutoka kwenye nafasi yake, bila kungoja kuulizwa. "Halafu unangoja. Usikuwe na haraka nayo."

Sadia alirudisha kifuniko juu ya bakuli, akangoja. Apollo aliangalia saa, akaacha kuiangalia. Chini kule kiboko mmoja aliinua kichwa, akapumua, akazama. Sadia akafunua, akachota kwa kijiko, akavuta kwa kelele ile ambayo Hamidah angeitambua hata gizani, akaizungusha mashavuni.

Hamidah alikuwa ameinamisha macho. Alisikiliza ndoo.

Ndoo haikulia.