Konokono Wenye Namba

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba mimi si mtu wa wadudu. Bweni zima linadhani ninawapenda, kwa sababu ya yule konokono aliyekutwa ndani ya ndara ya kiranja mkuu. Konokono huyo nilimbeba hadi humo kwa kijiko, uso nimeugeuzia ukutani, na kijiko chenyewe nikakizika kwa heshima zote. Lakini maelezo hayo hayakunisaidia kitu ofisini kwa Mkuu wa shule.

"Kumbe unapenda wadudu," alisema, akifuta miwani polepole kama daktari anayetafuta pa kuchoma sindano.

"Hapana, Mwalimu."

"Utawapenda. Kitalu cha kabichi kina miche mia na ishirini, na kila siku inaliwa. Wiki mbili utailinda wewe. Ijumaa ya pili tunahesabu. Ikibaki mia, unabaki. Ikipungua hata mmoja, nampigia mama yako simu aje akuchukue, wewe na godoro lako."

Mama yangu ni fundi cherehani, na hii ilikuwa shule yangu ya tatu. Siku aliponileta aliung'oa uzi uliokuwa ukining'inia kolani kwangu, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, shule ya nne hakuna. Ukirudi, ni wewe na pasi." Mama hana kawaida ya kutishia. Akishapima, hukata.

Bustani ya shule inatunzwa na mama mmoja ambaye sote tunamwita Mama Miche. Anaokota wadudu kwa mikono mitupu kama mtu anayechambua mchele, huku akisimulia habari za wifi yake. Asubuhi ya kwanza alinionyesha mche uliolala chini, umekatwa shingoni. Akachokoa udongo kando yake kwa kidole, akamtoa kiwavi mnene wa rangi ya maji ya kuoshea vyombo, amejikunja kama ukucha uliokatwa wa dole gumba la mguu.

"Huyu ni sota," alisema. "Usiku anakata, mchana analala papo hapo ubavuni mwa maiti. Hana haya."

Akambinya. Kitu cha kijani kiliruka kikatua juu ya kiatu changu. Hadi leo kiatu hicho sikifungi kamba bila kufumba macho.

Dawa ya sota ilikuwa rahisi. Tulikata vipande vya boksi, tukauvika kila mche kola, nusu ndani ya udongo, nusu juu, sota asiifikie shingo. Kazi ya kuvalisha kola mtoto wa fundi cherehani aliiweza. Taabu ilikuwa konokono, ambao kola waliipanda kama ngazi.

"Hawa unawaokota alfajiri, unawatosa kwenye ndoo ya maji ya sabuni," Mama Miche alinifundisha. "Na usiwarushe, unanisikia, baba? Konokono ukimrusha anarudi, kama mgeni aliyesahau mwavuli."

Siku mbili nilitii, nikiwashika kwa vijiti viwili. Siku ya tatu nilifanya kosa la kuchungulia ndani ya ndoo. Walikuwa wamevimba, wamefunikwa na povu zito kama kamasi la mtoto mwenye mafua, na harufu yake ilikuwa ya soksi zilizolowekwa tangu muhula uliopita. Mmoja alikuwa bado anatikisa pembe. Chai niliyokunywa ikarudi yote, na mkate wake.

Kuanzia hapo, nakiri, niliivunja sheria. Nilikuwa nawabana kwa vijiti na kuwarusha juu ya ua wa michongoma. Ng'ambo ya ua kuna nini, sikujua, na sikuona sababu ya kuisumbua akili yangu.

Ila lile neno la mgeni na mwavuli lilinikaa rohoni. Nitajuaje kama wanarudi? Basi kabla ya kumrusha kila mmoja nilimkandamiza kwa kijiti nikamwekea alama mgongoni kwa kalamu nene ya wino usiofutika, huku akitoa mapovu na kunitazama kwa macho yale ya kwenye ncha za pembe. Sasa, sisi watu wa bweni tuna mazoea yetu. Kitu kisicho na namba ya mwenyewe kimeshaibwa. Ndoo yangu ina namba, sahani ina namba, hata mswaki. Mkono ukaandika wenyewe namba yangu, bila kushauriana na kichwa: 214.

Hakurudi hata mmoja. Nikaona Mama Miche ni mtu mwema lakini hajui konokono.

Ijumaa ya pili Mkuu alisimama kando ya kitalu, mikono nyuma. Mama Miche akahesabu kwa sauti, mstari kwa mstari, mimi nikimfuata kwa midomo.

"Mia na tatu!"

Niliinama kama mpokea medali. Mkuu hakutabasamu.

"Vizuri. Sasa nifuateni."

Tukazunguka ua wa michongoma, tukaingia kwa kigeti kidogo nisichowahi kukiona, na hapo, nyuma ya nyumba yake, palikuwa na tuta alilolilima mwenyewe. Spinachi, alituambia. Tulilazimika kumwamini, maana yalibaki mashina tu, na ute umekauka juu yake unang'aa kama mkono wa sweta la mtoto wa chekechea. Akainama, akaokota konokono, akarekebisha miwani.

"Mia mbili na kumi na nne." Akaokota mwingine. "Mia mbili na kumi na nne." Wa tatu. "Ajabu. Ukoo mzima."

"Mwalimu," nilisema, "siku hizi watu wanaiba hata namba."

Akatoa simu mfukoni. Akilini nilimwona mama yangu akiweka pasi juu ya meza, akiniita kwa jina langu lote.

"Mkuu," Mama Miche aliingilia, "ulisema mia. Nimehesabu mia na tatu. Spinachi haikuwemo kwenye maneno yako."

Kidole cha Mkuu kilikaa juu ya simu muda mrefu mno. Kisha akairudisha mfukoni.

"Atabaki. Lakini mali yake aikusanye. Yote, leo, na kuitosa. Kwa mikono. Vijiti aniachie mimi."

Mama Miche akaniletea ndoo. Nikamwokota wa kwanza. Alikuwa baridi, mzito kuliko nilivyodhani, na unyayo wake ukanishika kiganjani, ukawa unaninyonya polepole kama ulimi usio na meno. Nikauinamisha mkono juu ya maji ya sabuni. Hakudondoka. Nikautikisa. Akazidi kung'ang'ania, namba yangu juu, anatembea kuelekea kwenye mkono wa shati.

"Mbandue, baba," alisema Mama Miche. "Tuta bado limejaa."

Nikambandua kwa kucha. Konokono akatoa sauti kama ya busu.