Nyumba Iliyoshonwa kwa Mkono

Inatangazwa kwa umma wote, wanaohusika na wasiohusika lakini wenye masikio marefu, kwamba nyumba imara, yenye vyumba vitatu, jiko, kibaraza na historia njema, inauzwa kwa bei nafuu ambayo haitasikika tena katika kizazi hiki.

Tangazo hilo Mjomba aliliandika kwa wino mwekundu nyuma ya kalenda ya mwaka juzi, akalibandika getini kwa uji wa unga wa ngano. Ilipofika saa nne asubuhi, mbuzi wa jirani alikuwa amelila lote akabakiza neno "nafuu." Neno hilo lilikaa getini peke yake siku kumi na moja, na kusema kweli lilitosha.

Ndani ya nyumba asubuhi hiyo walikuwamo watu watatu. Mjomba, mwenye tangazo, ambaye alikuwa na nyumba yake mtaa wa pili na alitaka kuiongezea ghorofa. Bibi, mama yake Mjomba, mshonaji wa nguo kwa miaka arobaini na kitu, mwenye cherehani chini ya dirisha na futi ya kupimia shingoni kama wenzake wanavyovaa mkufu. Na mjukuu wa Bibi, mtoto wa dada yake Mjomba, aliyerudishwa nyumbani kwa wiki mbili kutoka shule ya bweni kwa sababu kengele ya shule ilionekana ndani ya pipa la maji ya kunywa, na yeye akaonekana karibu na pipa. Tangu siku hiyo aliitwa Kengele. Hakuwa na tabia mbaya. Alikuwa na shughuli nyingi tu.

"Mnunuzi," Mjomba aliwaeleza, mikono nyuma kama mkaguzi wa elimu, "hapendi nyumba yenye watu ndani yake. Anataka akiingia ajione yeye."

Picha za ukutani zikashushwa. Vitambaa vya makochi vikakunjwa. Kopo la vifungo likafichwa.

"Na mimi wakija nikae wapi?" Bibi aliuliza.

"Utakaa tu, Mama. Ila usikae sana."

Kulikuwa na nyufa tatu, na mkubwa kuliko zote ulikuwa nyuma ya kabati. Fundi mwashi aliitwa, akauangalia, akauingizia kidole, akataja bei. Mjomba alishika goti kama aliyepigwa teke.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," fundi alimkumbusha.

"Huo ni wimbo wenu mafundi. Mnauimba mkiwa na njaa."

Wakati wakibishana, Bibi alivaa subana yake ya chuma kidoleni, akakata uzi mweupe, akaulowesha ncha kwa ulimi, akautia sindanoni. Kisha akapanda kigoda na kuushona ufa kutoka darini mpaka sakafuni. Ukuta ulijivuta pamoja, taratibu, kama midomo ya mtu aliyeamua kunyamaza. Fundi alimshikia kigoda.

"Mshono gani huo, mama?"

"Wa kurudi nyuma. Ukienda mbele hatua moja, unarudi nusu. Haufumuki."

Fundi alitikisa kichwa kukubali. Alisema mama yake alikuwa akishonea magunia mshono huo huo. Akanywa chai yake, akaaga.

Mjomba alisogea karibu na ukuta. "Mama, huna uzi wa rangi ya krimu? Huu unaonekana."

Kuanzia hapo ukarabati ulikwenda kwa bei aliyoitaka. Bati lililovuja lilitiwa kiraka. Mlango wa chumbani uliokuwa ukikwaruza sakafu ulipigwa pindo la inchi moja. Dirisha lisilofunga vizuri lilitobolewa tundu na kuwekewa kifungo, kikubwa, cha koti. Ukumbi uliokuwa umelegea katikati Bibi aliubana kiunoni, na watu waliopita hapo walijikuta wananyoosha migongo.

Kengele alipewa kazi ya kukwangua rangi ya zamani, ikiwa adhabu na akiba kwa wakati mmoja. Chini ya rangi ya bluu kulikuwa na kijani. Chini ya kijani kulikuwa na nyuzi. Mishono midogo, iliyonyooka, maelfu kwa maelfu, ikiunganisha kila tofali na mwenzake kutoka pembe hadi pembe. Saruji haikuwepo hata ya kupakwa jino. Na kila mshono ulipoishia kulikuwa na mapigo matatu mafupi ya sindano yaliyolaliana na moja lililoyakata katikati.

Kengele aligeuza pindo la sketi yake ya shule. Mapigo matatu, na moja la kukata.

"Bibi. Hii nyumba uliishona wewe?"

"Sasa nani mwingine? Saruji ilikuwa haishikiki mwaka ule. Uzi nilikuwa nao." Bibi alielekeza kwa mkasi. "Chumba hicho ni sare za wauguzi. Jiko ni mashati ya makarani. Kibaraza ni magauni ya maharusi, ndiyo maana kimekaa kwa maringo."

"Sasa mbona anauza Mjomba?"

Bibi aliuma uzi, akautema. "Siku ya kuandikisha hati nilikuwa na sare arobaini za kumaliza, na shule inafunguliwa kesho yake. Nikamtuma mwanangu wa kwanza. Karani akamwuliza, jina? Akataja lake. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliulizwa jina, akajibu."

"Na hukwenda kurekebisha?"

"Kila mwaka nilisema nikimaliza tu hizi sare."

Kengele alimwita Mjomba aje aone. Mjomba aliutazama ukuta, akapitisha kidole juu ya yale mapigo matatu. Mkono wake mwingine ulikwenda wenyewe kwenye goti la suruali, mahali penye kiraka cha zamani, ukapapasa. Kwa muda huo alifanana na kijana wa miaka kumi na tisa aliyesimama mbele ya dirisha la karani.

"Rangi ya mikono miwili, mmoja juu ya mwingine, itafunika," alisema.

Ikafunika.

Nyuma ya fremu ya mlango wa jikoni, ambako brashi haikufika, Kengele alikuta ncha ya uzi imejitokeza, ndefu kama kidole.

"Nikiuvuta huu, Bibi?"

"Huo ndio wa kwanza. Ukiuvuta mpaka mwisho, chai haijapoa sisi tumekaa uwanjani na matofali."

"Basi uvute! Tuone atauza nini."

"Na mimi nikalale ndani ya rundo la uzi?" Bibi alicheka, akairudisha ile ncha ndani kwa ukucha, polepole, kama anavyorudisha kamba ya nguo ya ndani ya mtoto iliyochungulia. "Mjomba wako amesema ghorofa ikiisha nitapata chumba cha juu. Chenye dirisha. Cherehani inataka dirisha."

Wanunuzi waliokuja ni mwoka mikate na mkewe muuguzi, mjamzito wa miezi minane, miguu imevimba viatuni. Walikuwa wamesoma lile neno getini. Kengele alikuwa amejiandaa kuwapokea kwa dagaa wa wiki iliyopita ndani ya kabati, lakini muuguzi alifungua kabati, akanusa, akafunga. "Wodini kwetu kuna harufu zaidi ya hii," alisema.

Mjomba alizunguka nao akisema "chema chajiuza" katika kila chumba, mpaka mwoka mikate akauliza kwa nini basi hachoki kukisemea. Katika chumba kidogo muuguzi aliegemea ukuta apumzike. Kiganja chake kilitulia juu ya rangi mpya, kikatambaa kidogo, kikatulia tena.

"Imeshonwa," alisema. "Nani aliijenga?"

Mjomba alikohoa. "Familia."

Muuguzi alitazama futi iliyoning'inia shingoni mwa Bibi. Tangu hapo maswali yake yote aliyapeleka huko. "Shikamoo mama. Kitanda cha mtoto kitaenea hapa?"

"Marahaba, mwanangu." Bibi alipima chumba, kisha, kwa mazoea, akampima na muuguzi. "Kinabana. Lakini mimi kila mshono naachia akiba kwa ndani. Watoto hukua."

Akafumua pembe moja ya chumba, akaachia ukuta kiasi cha mkono mzima, akashona upya. Mwoka mikate alishika kigoda. Muuguzi alitokwa na machozi mawili matatu na kusema ni miguu. Mjomba alianza kueleza kwamba kwa kuwa chumba sasa ni kikubwa zaidi, bei nayo ingefaa kuachiwa kidogo, lakini Bibi alimtazama juu ya miwani, naye akaona ameshasema vya kutosha.

Hati ikatiwa saini kwa jina lililokuwamo.

Siku ya kuhama, Bibi alibeba kopo la vifungo, Mjomba akabeba cherehani, na Kengele akatoka mikono mitupu. Bibi alisimama getini, akalishika lile neno lililobaki kwa vidole viwili, akalibandua, akalikunja na kulitia mfukoni. Alikuwa hapendi vipande vitupwe.

Ghorofa iliisha mapema. Chumba cha juu chenye dirisha kilipata mpangaji kabla rangi haijakauka, mtu mwema, anayelipa. Bibi alipewa pembe ya sebule, nyuma ya pazia aliloshona mwenyewe. Cherehani imeelekea ukutani. Mjomba humwuliza kila asubuhi kama amelala vizuri, na huuliza kwa moyo wake wote.

Miezi minne baadaye, Kengele akiwa likizo, mwoka mikate alikuja na mkate wa moto na malalamiko. Mlango wa jikoni ulikuwa umeachama kama mfuko wa koti la mlevi. Upepo unaingia, mtoto anapiga chafya. Mjomba alisema ni panya. Fundi mwashi, aliyekuwa akipita, alisema ni kukosa saruji. Bibi alifungua pazia.

"Kengele. Lete mikono."

Hapo juu imeandikwa kwamba Kengele alitoka mikono mitupu. Si kweli. Kidole chake cha kati cha mkono wa kushoto kilikuwa kimezungushiwa uzi mweupe, ule wa nyuma ya fremu ya mlango wa jikoni, mizunguko kama thelathini, na kilikuwa hivyo tangu siku ile getini, chini ya plasta ya dawa, bweni zima likiamini ni jipu. Nalijua hilo vizuri. Kengele ni mimi.

"Ulitaka kuiangusha?" Bibi aliniuliza.

"Hapana. Nilidhani nikishika ncha, itakuja na sisi."

Bibi aliufungua ule uzi kutoka kidoleni mwangu, mzunguko mmoja mmoja, mpaka damu ikarudi. Hakunigombeza, na bora angenigombeza.

"Kule kuna mtoto analala," alisema. "Chukua kigoda."

Tukaenda. Nilidhani atashona mwenyewe, nami nitashika kigoda kama kila mtu. Alinivalisha subana, akanipa sindano, akashika kigoda yeye. Nilishona mlango wote wa jikoni kwa mshono wa kurudi nyuma, na ulitoka umepinda kama foleni ya chai ya bwenini. Mwishoni niliweka mapigo matatu, na moja la kukata, baya. Bibi aliujaribu kwa ukucha. Ukashika.

Mwoka mikate alileta kopo la rangi afunike. Muuguzi alimzuia, mtoto begani. Alisema nyumba nzima imepakwa rangi mikono miwili, hapo paachwe.

Wageni wao wakiuliza ni kazi ya nani, anawaambia: ya mjukuu wa mwenye nyumba.