Ni Kukhu Tu

Wacha niwaambie kitu, na najua nusu yenu mtasema nimekunywa kitu. Kuna msichana wa Khayega aliulizwa swali moja mara tatu. Mara zote tatu alisema ukweli, na mara zote tatu ukweli wake ukaandikwa kwa karatasi kama uongo. Na aliyeandika hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Ni senje wangu, dada ya baba, anaitwa Awinja. Amekaa na hii maneno karibu miaka thelathini. Juzi ndio ameitoa, na mimi na hii simu yangu mkononi nikasahau hata kuiangalia.

Ilikuwa 1996. Senje alikuwa na miaka ishirini na tatu, amemaliza sekondari, fomu foo, hana kazi, ndio daktari mmoja wa kutoka upande wa Eldoret, Daktari Kibiwott, akaleta utafiti Kakamega. Alitaka vijana ambao akili imeanza kuwasumbua na wamekuja wenyewe kutafuta dawa mapema, kabla mambo iharibike. Alitaka kuwafuata miaka mitano mizima, aone kama kuwahi kunasaidia. Wakaajiri vijana wa hapa hapa wa kuzunguka na fomu. Senje akapewa baiskeli, begi ya turubai na watu arobaini wa kutembelea kila baada ya miezi tatu.

Fomu ilikuwa na maswali ishirini. Ukijibu "ndiyo" mara nane unapelekwa kwa daktari wiki hiyo hiyo, unapewa dawa, nesi anakujanga nyumbani kukuona. Ukipata saba hupati kitu. Unaambiwa asante, tutarudi.

Sasa huyu msichana, Pascalia, miaka kumi na saba. Hakuna mtu alimpeleka kokote. Alitoka nyumbani mwenyewe na miguu, akaingia kile chumba cha mradi nyuma ya zahanati, akawaambia, "Silali. Na roho inanipiga kama nimeiba kitu. Nisaidieni kabla niaibike." Fikiria! Wakati huo mtu akionekana mlango ile, kesho soko lote linasema amerukwa.

Senje akaenda kwao mara ya kwanza mwezi wa pili. Wakakaa kwa kiti ya mbao nje, mamake Pascalia anachambua kunde pale kando.

"Unakura vizuri?" Senje akauliza, na ile ulimi yetu ya kugeuza "l" iwe "r".

"Kura nitapiga mwaka ujao," Pascalia akasema. "Saa hii sina kipande cha kitambulisho."

Mamake akacheka mpaka kunde ikamwagika. "Mjibu dada vizuri, wewe! Ati kura!"

"Sikuli sana, dada. Andika hivyo."

Wakaendelea. Kukosa usingizi, ndiyo. Kuogopa watu, ndiyo. Kulia bila sababu, ndiyo. Wakafika swali la tisa. Senje anaikumbuka neno kwa neno mpaka leo: "Je, unasikia sauti ya mtu ambaye hayupo?"

Pascalia akafikiria. "Hapana," akasema. "Ni kukhu tu."

"Kukhu wako?"

"Eeh. Ananiitanga jina."

Kukhu ni nyanya. Huyo wa Pascalia alikuwa amekufa miaka mbili iliyopita, na kaburi yake iko hapo nyuma ya jikoni, karibu na migomba. Mamake hata hakuinua kichwa. "Huyo mzee alimpenda sana," akasema. "Nimeshamchinjia ingokho, kuku mzima, lakini bado anaita."

Na Senje akaandika: HAPANA.

Msimcheke. Kwetu mtoto akizaliwa akilia tu, watu wanakaa chini wanataja majina ya waliokufa moja moja, na jina atakayonyamazia ndio yake. Senje mwenyewe aliitwa Awinja hivyo. Sasa unamuuliza mtu kama huyo kama kukhu hayupo? Kukhu yupo! Yuko nyuma ya jikoni! Swali lilisema mtu ambaye hayupo, na kukhu hakuwa mtu ambaye hayupo. Msichana alijibu vile anajua na Senje akaandika vile anajua.

Akahesabu. Saba.

"Asante," akamwambia. "Tutarudi."

"Na dawa ya kulala?"

"Bado hujafika, dada yangu. Vumilia kidogo."

Mwezi wa tano akarudi. Pascalia amekonda, ameacha shule. Swali la tisa. "Ni kukhu tu. Siku hizi anasema kule nyuma kuna baridi." HAPANA. Saba.

Mwezi wa nane tena. "Ni kukhu tu. Anataka twende tuokote kuni kwa msitu wa Buyangu, kwao alikozaliwa." Hapo Senje akasimamisha kalamu. Lakini akajiambia wazee wanatakanga vitu, akaweka hapana yake. Saba. Pascalia akamsindikiza mpaka barabarani, akashika usukani wa baiskeli, akamuuliza, "Dada, mtu anafanya nini ndio afike nane?"

Senje akacheka. Akamwambia aombe asifike.

Mwezi wa kumi na moja Daktari Kibiwott akaita waandishi wote wa fomu mkutano, ukumbi mmoja huko Amalemba. Akapitia fomu swali kwa swali, maana ilikuwa inakaribia mwaka. Kufika la tisa akasema, "Hapa mkumbuke ni sauti yoyote. Hata ya mtu aliyekufa."

Senje akainua mkono. "Daktari, na kama ni nyanya yake, amezikwa hapo nyumbani?"

"Amekufa?"

"Amekufa, ndiyo."

"Basi hayupo."

"Kwetu yupo."

"Wapi, madam?"

"Nyuma ya jikoni."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kuna jamaa wa Mumias, anaitwa Mustafa, alipiga meza akisema, "Mwache, daktari, huyo nyanya anangoja chai!" Hata daktari akacheka. Halafu akavua miwani akasema pole pole, "Hiyo ndiyo nane yako, madam. Mtu anaitwa na aliyekufa na halali, huyo nataka kumwona siku hiyo hiyo. Hao ndio nilikuja Kakamega kutafuta."

Senje anasema hakusikia kitu kingine mpaka mwisho, isipokuwa moja. Daktari alisema mwandishi akipatikana ameandika jibu isiyolingana na maneno ya mtu, anaenda nyumbani siku hiyo, na watu wake wote wanatolewa kwa utafiti, kwa sababu fomu zake haziaminiki tena.

Alipofika nyumbani akaketi kitandani akihesabu kwa vidole. Wa "ni kukhu tu." Wa "ni guga tu," yaani babu. Yule kijana wa Shinyalu wa "ni marehemu ndugu yangu ananisalimianga." Wakafika kumi na mmoja. Kumi na mmoja ambao yeye ndiye aliwafungia mlango!

Angerudi kwa daktari asubuhi? Alivaa hata viatu. Halafu akafikiria: nikisema, vijana arobaini wote wanatolewa, si hao kumi na mmoja peke yao. Nikingoja siku tisa, raundi yangu inaanza. Nitawauliza upya, vizuri, nitaandika ndiyo kama inaanza sasa, na kila mtu atapata dawa yake na hakuna mtu ataumia. Siku tisa tu. Akavua viatu.

Siku ya pili Pascalia akapotea.

Waliamka hawamwoni. Nyumba nzima ikatoka, majirani, kanisa. Senje naye akatafuta na ile baiskeli ya mradi, na alijua ni wapi, na aliwaambia, "Jaribuni Buyangu," lakini hakusema ni kwa nini anajua. Walinzi wa msitu walimpata siku ya tano ya kumtafuta. Mzima. Hana viatu, miguu imeiva kama nyanya, amebeba mzigo wa kuni kichwani na hataki mtu amtue. Ukimwongelesha anageuza uso upande ule mwingine, ambapo hakuna mtu, anajibia huko.

Wakamleta kwa chumba cha mradi. Daktari Kibiwott akaja mwenyewe, akamtazama muda mrefu, akatoka nje kwa benchi walipokuwa wamekaa Senje na mamake Pascalia. Alikuwa na zile fomu tatu mkononi.

"Nitawaelezea wazi," akasema. "Ugonjwa wa kusikia sauti ukiwa mpya, chini ya miezi tatu, huyu ni wa mradi. Tunamtibu hapa, nesi atamfuata nyumbani. Ukiwa umepita miezi sita, mimi siwezi hapa. Dawa yake ni nyingine, na mtu wa kumwangalia mchana na usiku sina. Gari ya Nairobi inaondoka Ijumaa."

Mamake akasimama. "Nairobi mahari gani, daktari?"

"Hospitali kubwa ya akili, mama."

"Hapana. Hapana! Mtu wa kwetu alipererekwa huko, hata mwili hatukuona!"

Daktari akamgeukia Senje. Akampa fomu mpya, ya dharura. Juu kabisa ilikuwa imeandikwa: Dalili za sauti zilianza lini? "Wewe ndiye umemfuata mwaka mzima, Awinja. Hizi zako zinasema mpaka mwezi wa nane hakuna sauti. Ni kweli?"

Akaingia ndani kunawa mikono, akawaacha wawili.

Mama akamshika Senje mkono na mikono yote miwili. Alikuwa ananuka moshi na jasho ya siku tano. "Awinja, wewe ni mtoto wetu," akasema. "Najua unajua. Na mimi najua najua. Sema imeanza juzi. Nihurumie. Usinipelekee mtoto kwenda kufia kwa watu hawajui hata jina yake."

Ndani huko walikuwa wanamsikia Pascalia anaongea, anacheka kidogo, ananyamaza kumpa mwenzake nafasi ajibu.

Senje anasema kalamu ilikuwa biki ya buluu, na iligoma mara ya kwanza, ikabidi aisugue kwa kidole. Alifikiria wale kumi wengine. Akisema ukweli, hata kama wote arobaini watatolewa kwa utafiti, daktari atawatafuta hao kumi kesho awatibu. Lakini huyu ataenda Nairobi. Akinyamaza, huyu atabaki na mamake. Na wale kumi atawafikia yeye mwenyewe kwa raundi, si ni siku chache tu?

Akaandika: wiki mbili.

Daktari akarudi. "Ni kweli?"

"Ni kweli, daktari."

Mamake akapiga magoti pale kwa sakafu akimshukuru, na Senje akashindwa hata kumwinua.

Pascalia akapewa dawa ya mtu ambaye ndio ameanza. Kidogo kidogo, vile ilikuwa imeandikwa. Wiki nne akaruhusiwa. Alikuwa ametulia, anakula, siku ya Krismasi alikula obusuma, ugali yetu, mpaka mamake akalia. Hao kumi Senje alianza kuwazungukia hata kabla raundi ianze, analala jioni hajakula. Wanane akawapata, akaandika ndiyo, wakaenda kwa daktari. Wawili walikuwa wameshahama na hakuna mtu alijua wapi. Yule wa Shinyalu alikuwa mmoja wao.

Katikati ya Januari Pascalia alichukua mtungi asubuhi, akaenda kuchota maji mto Isiukhu, na mtungi peke yake ndio uliletwa nyumbani. Yeye walimtoa kesho yake, chini kidogo ya daraja.

Sasa ngojeni, kuna hii, na mimi hii ndio inaninyima usingizi kuliko hata hiyo ya mto. Utafiti ukaendelea mpaka miaka ikaisha, na daktari akaandika kitabu chake cha mwisho, ile ya kupeleka kwa wakubwa. Waandishi wote wakapewa moja moja. Senje anayo, iko kwa kabati chini ya mashuka, alinitolea nikasoma. Majina hakuna, ni namba. Kijana namba mia moja na kumi na saba, msichana, miaka kumi na saba. Dalili za sauti: zilianza wiki mbili kabla ya matibabu. Matokeo: amefariki. Halafu daktari ameweka maneno yake pale chini, kwamba kisa hiki kilimuumiza kuliko vyote, kwa sababu kinaonyesha hata tukiwahi mapema kabisa, kuna wengine hatuwezi kuwaokoa.

Hata tukiwahi! Mtu alikuja mwenyewe na miguu yake mwezi wa pili!

Daktari Kibiwott alikufa akiamini hivyo. Mamake Pascalia bado yuko Khayega, na kila Senje akipita anamwita aingie, anampikia, anamwambia watu, "Huyu ndiye alinisaidia nikakaa na mtoto wangu hiyo miezi miwili." Senje anakula. Anasema chakula yote inakuwa na ladha ya biki.

Nilimuuliza kama angeandika ukweli siku hiyo, kama ingekuwa tena. Akaniambia nimuulize mtu ambaye hakushikwa mkono na yule mama. Ndio nawauliza. Fomu iko kwa magoti, daktari ananawa mikono, msichana anaongea na nyanya yake huko ndani, na kuna wengine kumi ambao hawajui. Wewe ungeandika nini?