Mkwe Mbele ya Televisheni

Bilonda hakuja Kolwezi kumuuguza mkwewe. Alikuja kumchukua bintiye, Mbelu. Tshilombo, dereva wa lori mgodini, alikuwa ameangukiwa na jiwe kichwani, na tangu hapo hakumjua mtu, hata mkewe Mbelu. Daktari, Mbelgiji kijana, aliwaambia kwamba asiporudiwa na akili kabla ya mvua kwisha, kampuni itamwachisha kazi na kuchukua nyumba yake. Bilonda alifurahi waziwazi. Wakifika hapo, Mbelu atapanda naye treni kurudi Kasai, na mwanaume abaki na ndugu zake. Mbelu alikuwa ameshakubali, huku akilia.

Dawa ya daktari ilikuwa mchezo wa kwenye televisheni ya hospitali: vijiti viwili vyeupe na mpira mdogo unaorukaruka katikati. Unazungusha kitufe, kijiti chako kinapanda au kinashuka. Alitaka ndugu acheze na mgonjwa kila asubuhi. Mbelu alikuwa sokoni, basi akaketi Bilonda.

Kwao mama mkwe na mkwe hawaketi pamoja wala hawatazamani usoni. Lakini haya ya nini kwa mtu asiyejua hata jina lake? Bilonda alikuwa na donge la miaka mingi, na sasa alipata pa kulitemea. Kila alipomfunga bao alimpasulia: mvivu, mchoyo, mwizi wa watoto wa watu. Tshilombo alicheka tu. Polepole akaanza kurudisha mpira, kisha akaanza kushinda, na Bilonda akazidisha matusi.

Asubuhi moja, katikati ya mchezo, Tshilombo aligeuka akamtazama. Kicheko kikamkatika. Akaachia kitufe, akainamisha kichwa, akageuza kiti kuelekea ukutani. Daktari, aliyekuwa akiwatazama, akamwita sitwayeni, yaani raia, kama watu wote walivyoitwa siku hizo, akamshika bega, akamrudishia kitufe mkononi. Hakukubali. Daktari akasema basi, mgonjwa amerudi nyuma, hakuna la kufanya tena.

Bilonda alikuwa ameshafika mlangoni, kitenge kimemfunika uso. Angenyamaza tu, treni ingekuwa yake. Lakini alikumbuka kila neno alilomtukania mtu huyu, na sasa mtu huyu anampa heshima mbele ya mzungu. Alimchukia kwa heshima hiyo kuliko kwa jambo lolote alilowahi kumfanyia.

“Daktari,” alisema, mgongo umeelekea chumbani, “usimusukume tena. Alishapona. Anajua mi ni nani, njo maana anakataa kunitazama.”

Kisha akaenda sokoni kumwambia Mbelu, akilia kwa hasira njia nzima.