Hewa ya Nyumba ya Mwalimu

Mfuko huo wa sampuli ulikuwa wa thelathini na moja kati ya arobaini, na Mpimaji aliutambua mwandiko kabla hajasoma maneno. "Nyumba ya mwalimu. Kipande cha ukuta, chumba cha kulala." Herufi k ilikuwa na mkia mrefu uliopinda, kama kwenye barua alizokuwa akiletewa miaka ile alipokuwa masomoni ng'ambo.

"Mbona umeganda?" akauliza msaga mawe wa maabara, mzee waliyemwita Vumbi kwa sababu nyusi zake zilikuwa nyeupe hata siku za mapumziko. "Jiwe limekuamkia?"

"Washa kinu," Mpimaji akasema.

Mwanamke aliyeandika maneno yale alikuwa mkewe, miaka kumi na miwili nyuma. Mpimaji alikwenda kusoma kwa miaka miwili. Miwili ikazaa mitatu, mitatu ikazaa mitano. Kila mara aliandika kwamba yu karibu kumaliza, na majibu ya mkewe yakazidi kuwa mafupi. Barua ya mwisho ilikuwa na mistari minne: amechoka kuwa mke wa bahasha, anaomba talaka. Mpimaji aliituma talaka hiyo kwa posta, akijiona muungwana. Ilimchukua muda mrefu kuelewa kwamba huenda mwenzake alikuwa akingoja aje mwenyewe, akatae.

Vumbi alilisaga jiwe, wakalikausha, wakalichekecha, wakalitia kwenye kopo na kuuziba mfuniko kwa gundi. Kisha kopo likawekwa rafuni kwa wiki nne, kama makopo mengine yote. Ndani ya jiwe mna urani kidogo, na urani, kizazi baada ya kizazi, huzaa gesi iitwayo radoni. Gesi hiyo ikipata upenyo hutoroka, na ukipima mapema hesabu inakuja pungufu. Kwa hiyo unaziba, unasubiri.

Alikuwa amepima mawe miaka chungu nzima bila kuhesabu siku za kopo lolote. Za hili alizihesabu.

Siku ilipotimia, alilitumbukiza kopo kwenye kasha lenye kuta nene za madini ya risasi, mashine ikahesabu kutwa nzima. Jiwe la Mwalimu lilizidi mawe ya nyumba nyingine karibu mara nne.

"Nyumba saba zimezidi kiwango," mkuu wa maabara aliwaambia kwenye kikao. "Kuwaandikia wenye nyumba barua hakutoshi. Lazima mtu aende akapime hewa ya ndani. Hii ya mwalimu anaichukua nani?"

"Mimi," Mpimaji akasema, haraka kuliko alivyokusudia.

Vumbi alimtazama, akapiga chafya.

Alifika asubuhi. Nyumba ilikuwa ndogo, ya mawe ya kijivu yenye wekundu kwa mbali, yaliyopangwa kwa ustadi hata ungedhani hayakuhitaji saruji. Alipopiga hodi, mlango ulifunguliwa na mwanamume mpana wa mabega, sigara moja imechomekwa nyuma ya sikio.

"Mtu wa vipimo? Karibu, karibu! Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza. Alikuwa fundi mwashi, na ndiye mume wa Mwalimu.

Mwalimu akatokea nyuma yake, madaftari ya wanafunzi kifuani. Nywele zilikuwa zimeanza mvi upande mmoja tu. Alimtazama Mpimaji kwa muda mfupi.

"Umefika," akasema, kama anayempokea mtu aliyetumwa dukani.

"Nimefika."

Walimwonyesha chumba cha kulala. Mpimaji alijitahidi kutazama kazi yake, lakini macho hayana pazia: mito miwili, miwani juu ya kitabu, ndala za kike zikigusana na za kiume. Kulikuwa na dirisha moja dogo, limefungwa, na ufa mwembamba uliokimbia sakafuni kando ya kitanda.

"Dirisha hamfungui?"

"Vumbi la barabarani," Mwalimu akajibu. "Na baridi."

Akaweka kifaa chake kwenye stuli, usawa wa kichwa cha mtu aliyelala. Miaka yote alikuwa akijiuliza mwanamke huyu analala wapi, na sasa alitakiwa aandike kwenye fomu: umbali kutoka kitandani, nusu mita.

Alikaa siku mbili kwenye nyumba ya wageni, akinywa chai asiyoitamani. Aliporudi kusoma kifaa, kilionyesha mia saba na themanini. Kwenye mia tatu tu watu wa kazi yake huanza kuhangaika. Aliwaketisha sebuleni, akawaambia kinagaubaga.

Fundi aliinamisha kichwa. "Ni ukuta wangu?"

Mpimaji aliiweka karatasi ya vipimo mezani.

"Nilimjengea kwa mikono hii," Fundi akaendelea. "Kila jiwe nililichagua mwenyewe. Watu walinicheka, wakasema ninamjengea mke kasri. Niambie tu, kaka. Ni ukuta wangu unaotuua?"

Ingekuwa rahisi kutikisa kichwa kukubali. Wala usingekuwa uongo mtupu, kwa maana mezani palikuwa na karatasi yenye namba za jiwe lile. Mpimaji alilitamani jibu hilo kama mtu mwenye kiu.

"Jiwe lako lina chake, sikufichi," akasema. "Lakini mchango wa ukuta ni mdogo. Gesi nyingi inatoka ardhini, inapandia kwenye ule ufa, inakosa pa kutokea. Hata ungejenga kwa mbao ingekuja. Haionekani, hainuki. Ukiivuta miaka nenda miaka rudi, inaweza kuleta saratani ya mapafu, na kwa mvuta sigara hatari inapanda maradufu na zaidi."

Mkono wa Fundi, uliokuwa ukielekea sikioni, ukarudi gotini.

"Tufanyeje?" Mwalimu akauliza.

"Madirisha yawe wazi. Ufa uzibwe. Kisha bomba lipitishwe chini ya sakafu, liitoe hewa mpaka juu ya paa. Kwa sasa hamieni sebuleni kulala. Na sigara, kaka..."

"Hiyo usiseme. Mwalimu anaisema mwaka wa tisa huu."

"Sasa tumekuwa wawili," Mwalimu akasema, akacheka. Mpimaji alikuwa amejaribu mara nyingi kuikumbuka sauti ya kicheko hicho, akidhani anaikumbuka. Kumbe alikuwa ameikosea.

Fundi alichukua utepe, akaenda kuupima ufa. Wakabaki wawili.

"Ungekuja kama si jiwe?" Mwalimu akauliza kwa sauti ya chini.

"Ungeniita, ningekuja."

"Nilikuita. Miaka mitano, kila mwezi, kwa stempu." Hakuwa na hasira. Alikuwa akipanga madaftari yake, kubwa chini, dogo juu. "Hukusoma, ama?"

"Nilisoma. Nilichelewa."

"Ulichelewa," akakubali. Kutoka chumbani walisikia utepe ukijikunja kwa kishindo na Fundi akikohoa. Mwalimu aligeuza uso kuelekea kikohozi kile, na kwa namna alivyogeuka Mpimaji aliona kila kitu alichokuwa hajakiuliza. "Lakini leo umewahi," Mwalimu akasema.

Fundi alimsindikiza hadi kituoni, akimbebea sanduku la kifaa.

"Najua wewe ni nani," akasema walipofika. "Aliniambia kabla sijamposa. Ungetaka, ungesema ni ukuta. Mimi ningeubomoa, jiwe kwa jiwe."

"Si ukuta."

"Nimekusikia. Nasema tu ungeweza." Alimpa mkono, mkavu na mgumu kama kazi yake. "Njia njema, ndugu yangu."

Miezi ilipita. Vipimo vidogo vya plastiki walivyotumiwa Fundi na Mwalimu baada ya ukarabati vilirudi kwa posta, Mpimaji akavisoma mwenyewe. Mia na arobaini.

"Imeshuka hivyo?" Vumbi alichungulia begani kwake. "Haya, mbona macho mekundu?"

"Vumbi."

"Mimi nimekufanya nini?"

Mpimaji akacheka bila kupenda, akaandika barua ya ofisi kwa Fundi na Mwalimu, akaanza na majina yao yote mawili. Kwenye karatasi ya pembeni aliandika mistari mingine, mitatu minne hivi. Alipoisoma tena aliona ni ya mtu anayemwandikia mke wake. Akaichana vipande, akatia barua ya ofisi kwenye bahasha na kuilamba gundi. Kisha akavuta faili la nyumba iliyofuata, ya ajuza mmoja aliyeandika kwenye fomu kwamba waje upesi, maana yeye hana muda wa kungoja wasomi.