Kuku wa Namba Kumi na Nne

Kila asubuhi Sanatu aliinua mguu wake wa kulia mara ishirini pale mkekani, kama alivyofundishwa hospitalini. Siku hiyo alikuwa amefika kumi na mbili, jasho likimtoka, kuku aliyelazwa kando yake aliposimama.

Pikipiki ilikuwa imemvunja Sanatu paja kwenye barabara ya Savelugu. Aliporudishwa nyumbani, shangazi zake walimwita Afa Neindow, muunga mifupa. Afa alivunja mguu wa kuku, akaufunga vijiti kama wa Sanatu. Kuku akitembea, alisema, mgonjwa naye atatembea.

Kuku alijikung'uta vijiti, akachukua karai na kunde zilizosagwa, akaenda njia panda kukaanga bagia za kuuza, pale alipouzia Sanatu kabla ya ajali. Adhuhuri alirudi na karai tupu.

"Afadhali mmoja wenu si mvivu," alisema Memuna, jirani.

Sanatu alicheka. Memuna alipoondoka, Sanatu alishika ukuta ajaribu kusimama, akaanguka.

Mwisho wa mwezi alikuja Wunpini, binti wa utafiti, na kishkwambi chake. Hospitali ilitaka kujua ni majeruhi gani bado wanahitaji mtaalamu wa mazoezi awafuate nyumbani. Kwenye orodha yao Sanatu alikuwa namba kumi na nne.

"Umeamkaje, mama?"

"Salama."

"Na mguu?"

"Salama tu, mwanangu." Hakuona adabu kumlalamikia mtoto wa watu aliyekuja kwa miguu juani.

Wunpini alibonyeza: nafuu.

"Umerudi kazini?"

"Kuku ndiye anayeuza."

Wunpini alitafuta mahali pa kumwandika kuku. Hapakuwapo. Fomu haikukubali kuendelea bila jibu, akabonyeza ndiyo. Kilichobaki kilikuwa kipimo cha hatua kumi. Kuku alizitembea uani bila kuyumba, kwa sekunde nane. Wunpini aliandika nane.

Mtaalamu hakuja mwezi ule, wala uliofuata. Wunpini alipiga simu ofisini.

"Kumi na nne? Huyo anatembea kuliko wote," walimjibu kwa furaha kule. "Tumemtoa kwenye orodha. Mstari wa maendeleo yake tumeubandika ukutani."

"Anayetembea ni kuku."

"Basi ungeandika kuku."

Alijaribu kurekebisha jibu. Kishkwambi kilimwambia limeshafungwa. Alijaribu tena siku tatu mfululizo, kikamwambia hivyo hivyo.

Mwezi wa sita wa utafiti alikuja kuaga, na vipande viwili vya sabuni, zawadi ya washiriki. Kuku alimpokea, akamletea maji ya kunywa, kisha akaenda zake njia panda. Wunpini alikunywa, akaketi pembeni ya mkeka. Hakuwasha kishkwambi.

"Umeamkaje, mama?"

Sanatu aliisogeza sabuni kando.

"Sijaamka," alisema. "Miezi sita mnakuja kuniuliza, na mimi sijaamka. Sitaki kuulizwa tena, Wunpini. Nataka mtu anishike mkono nisimame."